Vita vya Saa Mia? Tusidanganyane!

Ndugu msomaji, na hasa wewe mwenzangu mwenye daftari kwapani unayetaka kuitwa mwandishi, leo sina maneno ya kubembelezana. Kuna uongo mmoja uliopigwa pasi ukanyooka, nasi tumeuvaa bila kuuliza umeshonwa na nani. Unasema hivi: mwaka 1991 kulipiganwa vita jangwani, Iraki na Kuwait. Vikawa vifupi, vikawa safi, vikaisha. Saa mia moja tu za mapambano ya ardhini, basi, kila mtu akarudi kwao. Tena, eti, vilipiganwa kwenye televisheni.

Soma mashairi na hadithi zetu sisi vijana. Vita hivyo vikitajwa utakuta kioo cha televisheni, cheche za kijani juu ya anga la Baghdad, na mhusika mkuu kakaa kwenye kochi anatafakari. Maiti? Hakuna. Mchanga? Hakuna. Moshi wa visima vya mafuta vinavyoungua? Wapi! Mwandishi kaangalia video ya jenerali, kaongeza tamathali mbili tatu, kaileta kwa mhariri. Jenerali mwenyewe angeisoma angempa mkono.

Mimi nasema vita vile havikuwa safi, havikuwa vifupi, na havikuwa mbali nasi. Nitayachukua hayo moja moja, na anayebisha abishe kwa hoja.

Lakini kwanza niweke jambo moja sawa, maana najua wapo watakaorukia kusema namtetea Saddam Hussein. Simtetei hata kidogo. Wapo mitaani kwetu waliomshangilia, wengine hadi wakawapa watoto jina lake, kwa sababu tu alimkazia macho Mmarekani. Jamani! Huyu ndiye ambaye tarehe 16 Machi 1988 majeshi yake yaliumwagia mji wa Halabja gesi ya sumu, wakafa Wakurdi karibu 5,000, watu wa nchi yake mwenyewe. Alipigana na Iran miaka minane, 1980 hadi 1988, akatoka na madeni hadi shingoni, mengi yakiwa ya majirani zake, Kuwait na Saudi Arabia. Alipodaiwa akaja na manung'uniko: Kuwait inauza mafuta kupita kiwango na kuangusha bei, Kuwait inamwibia mafuta ya Rumaila pale mpakani. Tarehe 2 Agosti 1990 akaivamia. Mwezi huohuo akaitangaza kuwa mkoa wa 19 wa Iraki. Watu wa Kuwait waliporwa, waliteswa na kuuawa kwa karibu miezi saba. Huo ni unyang'anyi, hauna jina lingine.

Ila kumchukia jambazi si sababu ya kumeza kila anachosema polisi.

Na polisi huyu alianza kusema kabla hajafyatua risasi. Oktoba 1990, mjini Washington, binti wa miaka 15 alisimama mbele ya wabunge akilia. Akasema aliwaona askari wa Iraki hospitalini Kuwait wakiwatoa watoto njiti ndani ya mashine zao za joto na kuwaacha wafe sakafuni. Akatajwa kwa jina moja tu, Nayirah. Rais George Bush, yule mzee, alikirudia kisa hicho mara kwa mara. Maseneta nao wakakitaja walipokuwa wakijadili kwenda vitani. Januari 1992, vita vimeshapiganwa, mwandishi John MacArthur akafichua katika New York Times kwamba binti yule alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait huko huko Marekani. Na nyuma yake ilikuwapo kampuni ya uhusiano wa umma, Hill and Knowlton, iliyokuwa ikilipwa kuitetea Kuwait. Waliochunguza baadaye hawakupata uthibitisho wa kisa kile.

Mwenzangu, kaa hapo kidogo. Ile ilikuwa hadithi fupi. Mhusika mmoja, chumba kimoja, tukio moja, machozi. Ilifanya kazi kuliko hadithi zote utakazoandika wewe na mimi tukiunganisha nguvu. Basi ukiona hadithi inawaliza watu wote kwa siku moja, uliza nani kalipia wino.

Baada ya hadithi ikaja kura. Tarehe 29 Novemba 1990 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 678, la kumpa Saddam hadi tarehe 15 Januari 1991 awe ametoka, la sivyo atatolewa kwa nguvu. Kura 12 za ndiyo, mbili za hapana, na China ikajizuia. Miongoni mwa waliosema ndiyo walikuwamo Waafrika watatu: Zaire ya Mobutu, Ethiopia ya Mengistu, na Côte d'Ivoire ya Houphouët-Boigny. Waliosema hapana ni Kuba na Yemen. Yemen, maskini ya Mungu, ilikatiwa msaada na Marekani. Wayemen waliokuwa wakichuma riziki Saudi Arabia nao walikwisha nyang'anywa nafuu zao kwa sababu ya msimamo wa serikali yao, mamia ya maelfu wakarudi kwao na vifurushi. Hao hawamo katika hesabu ya vita. Hawakupigwa hata risasi moja.

Sasa tuje kwenye huo usafi.

Mashambulizi ya anga yalianza tarehe 17 Januari 1991. Siku 38 za mabomu kabla jeshi la ardhini halijavuka mpaka. Kila jioni waandishi wa habari waliwekwa ukumbini wakaonyeshwa video: bomu lenye akili linaingia dirishani kama mgeni aliyealikwa. Siku moja Jenerali Norman Schwarzkopf alionyesha gari likivuka daraja nukta chache kabla daraja halijalipuliwa, akamwita dereva wake mtu mwenye bahati kuliko wote Iraki. Ukumbi ukacheka. Ndiyo vita tulivyoletewa sebuleni: vichekesho.

Hesabu yenyewe je? Mabomu ya kuongozwa hayakufika hata moja katika kila kumi. Mengine yote yalikuwa mabomu ya kawaida, ya kudondosha na kuondoka. Lakini ya kawaida hayana kamera, kwa hiyo hayana video, kwa hiyo hayapo. Umeona ujanja huo? Kisichopigwa picha hakikutokea.

Na hata hayo yenye akili, tuyatazame. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1991 mabomu mawili ya kuongozwa yaliligonga jengo la Amiriyah, Baghdad. Lilikuwa handaki la raia kujihifadhi. Ndani walilala watu, wengi wao wanawake na watoto. Walikufa zaidi ya 400. Marekani ikasema ilijua ni kituo cha mawasiliano ya kijeshi. Kwa hiyo tusiseme bomu lilipotea njia. Lilipiga palepale lilipotumwa.

Kisha wakaja na msamiati. Watu waliokufa wakaitwa madhara ya pembeni. Kupiga mitambo ya umeme kukaitwa kudhoofisha uwezo wa adui. Umeme ukikatika, pampu za maji zinasimama. Pampu zikisimama, maji taka yanaingia mtoni. Na mtoto wa Basra anayekunywa maji ya mto anaharisha hadi kufa, mwezi wa tano, vita vimekwisha siku nyingi. Huyo naye utamwita nani? Sisi kazi yetu ni maneno, ndugu zangu. Fundi seremala akiletewa mbao zilizooza anazirudisha dukani. Sisi tukiletewa maneno yaliyooza tunayapaka rangi na kuyatia kwenye shairi.

Tarehe 24 Februari vikaanza hivyo vya saa mia. Jangwa halina mti wala kichaka cha kumficha mtu, likamfaa mwenye ndege. Halina njia wala alama, likamfaa mwenye setilaiti ya kumwambia alipo. Wairaki walijichimbia wakikodolea macho mpaka wa Kuwait na bahari. Vikosi vizito vya Marekani na Uingereza vikazunguka mbali magharibi, kupitia jangwa tupu, vikawatokea ubavuni. Kijeshi ni mpango hodari, sikatai. Lakini pale mstari ulipovunjwa, vifaru vya divisheni moja ya Marekani vilivyofungwa majembe ya chuma, pamoja na matingatinga, vilipita kando ya mahandaki vikisukumia mchanga ndani. Askari wa Iraki walifukiwa humo, wengine wangali hai. Dunia ilikuja kusoma habari hiyo Septemba 1991 katika gazeti la Newsday. Wakubwa hawakukana. Walisema sheria za vita haziwakatazi.

Hapo hakuna picha ya maiti hata moja. Mchanga umelala sawasawa, kama hapakuwahi kuwa na mtu. Sasa niambie, huo ndio usafi tunaousifu?

Picha moja ilipatikana. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Februari, majeshi ya Iraki yalikuwa yanakimbia Kuwait kwa barabara namba 80 inayopanda Mutla kuelekea Basra. Vifaru, malori, mabasi, magari ya watu yaliyoibwa, mafriji na mazulia ya kupora. Ndege zikapiga mbele, zikapiga nyuma, msafara ukanasa katikati. Tarehe 28 Februari mpiga picha Kenneth Jarecke alimpiga picha askari mmoja wa Iraki aliyeungua akiwa anajaribu kutoka kwenye kioo cha mbele cha lori. Uso umebaki makaa, lakini unaona kabisa alikuwa anatafuta njia. Magazeti ya Marekani hayakuitaka wakati huo. The Observer la London likaitoa Machi 1991. Mpiga picha mmoja, kwa kitufe kimoja, alisema yale ambayo ukumbi mzima wa majenerali ulijitahidi yasisemwe.

Haya, tuje kwenye ufupi.

Tarehe 28 Februari Bush akasimamisha mapigano. Saa mia, namba nzuri ya kuandika kwenye fulana. Tarehe 3 Machi 1991 Schwarzkopf akaketi hemani Safwan na Jenerali Sultan Hashim Ahmad wa Iraki. Mwairaki akaomba jambo dogo: madaraja yamebomoka, turuhusuni kuruka na helikopta. Akaruhusiwa. Wiki chache nyuma, Bush huyohuyo alikuwa amewahimiza Wairaki wajichukulie hatua mikononi wamwondoe Saddam. Watu walikuwa wamemsikia. Basra, Najaf, Karbala na Kurdistani nzima waliinuka. Helikopta zile zikawafuata wao. Makumi ya maelfu waliuawa, na Wakurdi zaidi ya milioni moja wakakimbilia milima ya Iran na Uturuki kwenye baridi. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani lilikuwa hatua chache kutoka hapo, linatazama.

Vikwazo vilivyoanza Agosti 1990 vikabaki hadi 2003. Marufuku ya kuruka kaskazini na kusini ikabaki, na mabomu ya mara kwa mara nayo yakabaki, hadi tarehe 20 Machi 2003 Bush mtoto alipoingia kumalizia. Miaka kumi na mbili! Hivyo ndivyo vita vya saa mia. Ni kama mtu akuchomee nyumba, azime kiberiti, aseme moto wangu ulidumu nukta tatu.

Na nani alihesabiwa? Wamarekani waliouawa mapiganoni tunawajua mmoja mmoja: 148, na kati yao 35 waliuawa na silaha za wenzao. Waliokufa upande wa pili, Jenerali Colin Powell alisema idadi yao si kitu kinachomshughulisha sana. Alikuwapo mtaalamu wa Idara ya Sensa ya Marekani, Beth Osborne Daponte, ambaye mwaka 1992 alikadiria kwamba Wairaki 158,000 walikufa: askari 40,000 vitani, raia 13,000 kwa mashambulizi yenyewe, 35,000 katika yale maasi, na 70,000 kwa magonjwa na kuharibika kwa huduma. Wapo waliotoa idadi ndogo kuliko yake. Lakini angalia kilichompata: akaambiwa anafukuzwa kazi, ikabidi apambane ndipo abakie. Kumbe hata namba inaweza kuwa neno la hatari.

Nitawaongezea hesabu nyingine ya Waafrika, maana sioni tukiitaja. Senegal ilipeleka askari wapatao 500 upande wa Marekani. Tarehe 21 Machi 1991, mapigano yamekwisha, ndege iliyowabeba ilianguka Saudi Arabia, wakafa Wasenegali 92. Tisini na wawili! Taja shairi moja, hadithi moja ya Kiswahili iliyowataja. Nasubiri.

Sasa, kuna rafiki zetu wasomi watakaonijibu kwa Kifaransa. Watasema Jean Baudrillard aliandika mwaka huohuo kwamba Vita vya Ghuba havikutokea, kwamba ilikuwa picha juu ya picha. Nawajua, wanalipenda sana jina hilo kwenye mijadala. Nakubali mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa anaishambulia televisheni na vita vya upande mmoja. Lakini sentensi inayosemwa Paris ikifika hapa mdomoni mwa kijana asiyeijua Amiriyah, inageuka kuwa blanketi la kujifunikia. Kwa mwenye kochi, vita havikutokea. Nenda kamwambie hivyo mama aliyeacha watoto ndani ya lile jengo.

Angalieni pia jinsi kila mmoja anavyokumbuka. Marekani ilipiga gwaride Washington na New York Juni 1991, karatasi zikamwagwa kama mvua. Baadaye maveterani wake wengi mno wakaanza kuumwa maradhi yasiyoelezeka, wakahangaika miaka mingi kuaminiwa kwamba wanaumwa. Saddam naye, aliyeshindwa, akaviita vita hivyo mama wa mapigano yote, akajenga msikiti Baghdad uliokamilika 2001 wenye minara iliyofanana na makombora na mitutu ya bunduki. Kuwait inasherehekea ukombozi kila tarehe 26 Februari, na ina haki; lakini Wapalestina zaidi ya 300,000 waliokuwa wakiishi pale, wengi wakiwa walimu na mafundi, waliondoka au waliondolewa kwa sababu Yasser Arafat alionekana kuegemea kwa Saddam. Hawana gwaride wala msikiti. Wala hawana ukumbusho wale wapishi, madereva na watumishi wa ndani kutoka India, Bangladesh, Sri Lanka na Ufilipino waliokwama jangwani mpakani mwa Jordan wakigombea maji. Leo dada zetu na kaka zetu wanapanda ndege kwenda kufanya kazi zilezile katika Ghuba ileile. Bado unasema hadithi hii ni ya wengine?

Mnataka ukaribu zaidi? Haya. Tarehe 7 Agosti 1990 Marekani ilianza kupeleka majeshi Saudi Arabia. Saa mia zikapita, majeshi hayakuondoka yote. Osama bin Laden akalifanya hilo, la majeshi kukaa katika nchi ya Makka na Madina, kuwa kisingizio kikubwa cha tangazo lake la vita mwaka 1996. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, miaka minane kamili, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Maelfu waliumia, na wengi Nairobi walipoteza macho kwa sababu walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia dirishani kuona kuna nini. Wengi mno walikuwa makarani, wachuuzi, wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi. Waliowaua ni wauaji, na hakuna jangwa la kuwasafisha. Lakini usiniambie vita vile viliisha Safwan. Vipande vya vioo vyake vilitolewa katika macho ya watu wa kwetu.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tarehe ile mkuki ulipotufika tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Tukajenga bustani ya kumbukumbu Nairobi, tukaandika majina ukutani. Vizuri sana. Basi anayejua uchungu wa jina ukutani asiandike juu ya Baghdad kana kwamba kule walikufa vivuli.

Sisemi kila mtu aandike vita. Andika mapenzi, andika daladala, andika shangazi yako. Ila ukiamua kuandika vita, usianzie kwenye kioo. Anzia kwa mtu mmoja: askari wa lile lori lililoungua, mama wa Amiriyah, askari wa Senegal, Myemen anayefunga kifurushi, mpishi aliyekwama mpakani. Tafuta alikula nini asubuhi hiyo. Tafuta alikuwa anaogopa nini. Soma kabla hujaandika, uliza waliokaa huko, linganisha tarehe. Na neno lolote lililotoka kinywani mwa jenerali, liweke pembeni kwanza, ulipime.

Nimesema yangu. Najua wapo watakaoona nimekuwa mkali, wengine watasema nimechanganya siasa na sanaa. Kurasa hizi ni zetu sote. Leteni majibu, lakini yawe na majina ya watu, miaka na mahali. Ya kochi na televisheni tumechoka nayo.